Kompyuta Yako Inapotumika Kumshambulia Mwingine: Nani Abebe Dhima?

Shabaha ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji wa huduma za mawasiliano ataweza:

(a) kueleza jinsi kompyuta, simu au ruta yake inavyoweza kutumiwa na mhalifu bila yeye kujua;
(b) kutofautisha dhima ya jinai, dhima ya madai na wajibu wa kimaadili;
(c) kuchukua hatua zinazofaa kabla na baada ya kugundua kwamba kifaa chake kimetekwa.

Utangulizi

Watumiaji wengi hujihesabu kuwa ni watu wasio na kitu cha kuibiwa mtandaoni. Mwenye steshenari katika Kata ya Mapera, wilayani Mbinga, atakuambia kwamba kompyuta yake haina siri yoyote. Ndani yake mna barua za maombi ya kazi na picha za pasipoti za wateja. Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay atasema kwamba simu yake haina salio la kumtamanisha mwizi. Mawazo hayo yana kasoro moja. Mara nyingi mhalifu wa mtandaoni hana haja na kilichomo ndani ya kifaa. Anakihitaji kifaa chenyewe: nguvu yake, muunganisho wake wa intaneti na, zaidi ya yote, jina la mtu aliyekisajili.

Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Shambulio likitokea, nyayo zake hufuatwa, na nyayo hizo huweza kuishia mlangoni pa mtu ambaye hakutenda kosa. Je, sheria inamtazamaje mtu huyo? Na je, hata kama sheria haimtii hatiani, ana deni lolote kwa wale walioumizwa kwa kifaa chake? Somo hili linajibu maswali hayo mawili.

1. Kifaa hutekwaje?

Kifaa hutekwa kinapoingiwa na programu hasidi inayompa mtu wa mbali uwezo wa kukiamuru. Milango ya kuingilia inajulikana: programu ya wizi iliyonakiliwa kutoka kwenye flashi ya rafiki; programu ya simu iliyotumwa katika kundi badala ya kupakuliwa kutoka duka rasmi; kiambatisho cha barua pepe kutoka kwa mtu usiyemjua; na ruta au kamera ya ulinzi ambayo nywila yake ya kiwandani haikubadilishwa. Kifaa kilichotekwa huendelea kufanya kazi. Pengine huwa kizito, hupata joto kikiwa hakitumiki, au bando huisha upesi kuliko ilivyozoeleka.

Mhalifu akiteka maelfu ya vifaa, huviunganisha vikawa kama jeshi moja. Jeshi hilo lina kazi kuu tatu: kufurikisha seva ya mtu kwa maombi mengi kwa wakati mmoja hadi ishindwe kuwahudumia wateja halali, kusambaza ujumbe wa ulaghai, na kumficha mhalifu, kwa kupitisha vitendo vyake katika muunganisho wa mtu mwingine.

Mfano mashuhuri ni programu hasidi iitwayo Mirai ya mwaka 2016. Programu hiyo ilizunguka intaneti ikitafuta kamera, ruta na vinasa picha, kisha ikajaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60. Kifaa ambacho mwenyewe hakubadilisha nywila kilifunguka mara moja. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vifaa vya namna hiyo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti nyingi kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Mwaka huohuo, barani kwetu Afrika, kampuni ya simu ya Lonestar ya Liberia ilishambuliwa kwa aina ya Mirai. Mwingereza Daniel Kaye, aliyekuwa amelipwa ili afanye hivyo, alihukumiwa nchini Uingereza Januari 2019 kifungo cha miaka 2 na miezi 8. Mizinga iliyotumika katika vita hivyo ilikuwa kamera na ruta za watu wa kawaida.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mei 2024 Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa vifaa vilivyotekwa ulioitwa 911 S5. Wenye vifaa walikuwa wamepakua programu za VPN za bure. Pamoja na huduma waliyoitaka, waliingiziwa mlango wa siri, na anwani zao za intaneti zikauzwa kwa wahalifu. Anwani hizo zilizidi milioni 19, katika takribani nchi 200.

Athari za kufurikishwa kwa seva zilionekana wazi nchini Kenya Julai 2023, tovuti ya huduma za serikali ya eCitizen iliposhambuliwa. Wananchi walikwama katika maombi ya pasipoti na leseni, na malipo ya simu na ununuzi wa umeme navyo viliyumba. Mashambulizi ya aina hii si lazima yote yapitie kompyuta za watu binafsi, lakini tukio hilo linatuonyesha anayeumia mwishoni: mtu aliyeko foleni, mgonjwa anayetaka kulipia dawa, mfanyabiashara anayesubiri fedha.

2. Nyayo huishia kwa nani?

Kila muunganisho wa intaneti hutambulika kwa anwani ya namba, na mtoa huduma anaweza kujua anwani hiyo ilitolewa kwa mteja yupi. Hapa Tanzania laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo uchunguzi huanza kwa mtu aliyesajiliwa, kwa kuwa hakuna jina jingine la kuanzia. Hata hivyo, anwani huonyesha muunganisho uliotumika; haionyeshi kidole kilichobonyeza.

Mwaka 2001 mfumo wa kompyuta wa bandari ya Houston, Marekani, ulifurikishwa hadi ukalemaa. Nyayo zilifika kwenye kompyuta ya kijana wa Uingereza, Aaron Caffrey. Alipofikishwa mahakamani alijitetea kwamba watu wengine waliiteka kompyuta yake na kuitumia. Wataalamu wa upande wa mashtaka walisema hawakuona alama ya utekaji huo. Oktoba 2003 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia.

Kesi hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza, kuwa na kompyuta iliyotumika si sawa na kuthibitika kuwa mkosaji. La pili, utetezi wa namna hiyo hauji bure: kijana huyo aliishi akiwa mshtakiwa hadi hukumu, na hoja nzima ilizunguka juu ya ushahidi uliokuwemo, au uliokosekana, ndani ya mashine yake. Mtumiaji anayetunza kumbukumbu zake anajitunzia utetezi wake.

3. Dhima ya jinai

Sheria inayohusika zaidi ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya mwaka 2015. Kifungu cha 4 kinamkataza mtu kuingia katika mfumo wa kompyuta, au kusababisha uingiliwe, kwa makusudi na kinyume cha sheria. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana, kiasi kilicho kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Kifungu cha 9 kinakataza kuuzuia au kuuvuruga mfumo wa kompyuta. Hapa ndipo mashambulizi ya kufurikisha yanapoangukia.

Msomaji aangalie neno “makusudi”. Mtu ambaye kompyuta yake ilitekwa usiku akiwa amelala hakukusudia kumwingilia wala kumvuruga yeyote. Aidha, Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inakataza kumtendea mshtakiwa wa kosa la jinai kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Kwa misingi hiyo, mwathirika wa utekaji si mhalifu.

Kinga hiyo ina mipaka yake, na ni vema ijulikane mapema.

*Kwanza, aliyejua na akaruhusu.* Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu anayesaidia kutendeka kwa kosa kuwa mshiriki wa kosa hilo. Anayemkodishia mtu kompyuta au laini yake huku akijua kazi ya kihalifu inayokusudiwa, hawezi kujificha nyuma ya maneno “sikubonyeza mimi”.

*Pili, aliyekataa kujua.* Zipo programu zinazomlipa mtumiaji fedha kidogo ili auze sehemu ya bando lake kwa watu asiowajua. Anayepokea malipo, akaona dalili za ulaghai, na akaamua kutouliza ili malipo yasikatike, anajiweka mahali pabaya. Mahakama itauliza alichojua na alichokuwa na kila sababu ya kukijua.

*Tatu, aliyeharibu ushahidi.* Sheria hiyohiyo ya mwaka 2015 inalifanya kuwa kosa kufuta, kubadili au kuficha data kwa nia ya kukwamisha uchunguzi. Mtu asiye na hatia kabisa anaweza kujitengenezea kosa jipya kwa hofu tu, kwa kuifuta kompyuta yake baada ya kusikia kwamba polisi wanaifuatilia.

4. Dhima ya madai

Kutokuwa na hatia ya jinai hakumalizi jambo. Aliyepata hasara anaweza kudai fidia kwa msingi wa uzembe. Msingi huo ulipata sura yake ya sasa mwaka 1932 katika shauri la Donoghue na Stevenson, lililotoka Uskoti. Mwanamke mmoja alikunywa kinywaji cha tangawizi, kisha yakaonekana ndani ya chupa mabaki ya konokono. Hakuwa ameinunua chupa hiyo yeye mwenyewe, wala hakuwa na mkataba wowote na mtengenezaji. Hata hivyo mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba mtengenezaji anaweza kuwajibika kwake, kwa sababu kila mtu ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa wale ambao, akitafakari kwa akili ya kawaida, ataona kwamba wanaweza kudhurika kwa kitendo chake au kwa kutotenda kwake. Mahakama za Tanzania, ambazo zilirithi mfumo wa sheria wa Uingereza, nazo huutumia msingi wa uzembe.

Mdai wa uzembe hana budi kuthibitisha mambo manne: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, kwamba aliukiuka, kwamba madhara yalitokea, na kwamba ukiukaji ndio uliosababisha madhara hayo. Kwa mtu wa nyumbani mwenye simu moja kati ya vifaa laki moja vilivyotumika, hoja ya nne ni ngumu kuthibitika, kwani shambulio lingefaulu hata simu yake isingekuwemo. Na kati ya uzembe wake na madhara yuko mhalifu aliyetenda kwa hiari yake.

Hali hubadilika kwa mwenye biashara. Chama cha ushirika kinachotunza majina, namba za simu na akaunti za wakulima wa kahawa, au steshenari inayobaki na nakala za vitambulisho vya wateja, inashika amana ya watu inaowajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, inawataka wakusanyaji wa taarifa hizo wazilinde, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kusimamia jambo hilo. Vilevile, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinamtaka mwenye kafe ya intaneti atunze rejista ya watumiaji kwa vitambulisho vyao na aweke kamera. Wengi huiona rejista kuwa usumbufu. Siku nyayo zitakapofika dukani, rejista hiyo ndiyo itakayoonyesha nani alikuwa ameketi kwenye mashine ipi.

Nchi nyingine zimejaribu kuweka mizani ya aina yake. Mei 2010 mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani ilisikiliza shauri la mtu ambaye Wi-Fi yake ilitumika kusambaza wimbo kinyume cha hakimiliki wakati yeye mwenyewe akiwa likizo. Mahakama ilikataa kumtoza fidia kwa kosa la mtu mwingine, lakini ikasema kwamba alipaswa kuilinda Wi-Fi yake kwa nywila ya kutosha, na kwamba angeweza kuamriwa kuacha uzembe huo. Mwaka 2017 Ujerumani iliipunguza dhima hiyo kwa sheria mpya. Hukumu hiyo si sheria ya Tanzania, lakini inaonyesha njia ya katikati: kutomfanya mwathirika kuwa mhalifu, na pia kutomwondolea kila wajibu.

5. Mtengenezaji na muuzaji nao

Si haki mzigo wote uangukie mtumiaji wa mwisho. Kamera inayotoka kiwandani na nywila moja kwa vifaa vyote imeuzwa ikiwa na kasoro. Ndiyo maana Uingereza, kuanzia tarehe 29 Aprili 2024, imepiga marufuku kuuza vifaa vya intaneti vyenye nywila za jumla zinazokisiwa kwa urahisi, na inamtaka mtengenezaji aseme ataendelea kutoa masasisho ya usalama hadi lini. Mtumiaji wa Tanzania anaweza kuuliza maswali hayohayo dukani: nywila inabadilishwaje? Masasisho yataendelea kwa muda gani? Muuzaji asiyeweza kujibu amekwisha kukupa jibu.

6. Je, aliyeshambuliwa anaweza kulipiza?

Hapana. Anayeona mashambulizi yakitoka katika anwani fulani anaweza kushawishika kuishambulia anwani hiyo. Lakini anwani anayoiona mara nyingi ni ya mwathirika mwingine. Huenda ni kompyuta ya shule, ya zahanati, au ya steshenari tuliyoitaja. Kuiharibu ni kumpiga mateka na kumwacha mtekaji. Aidha, Kifungu cha 4 hakimruhusu mtu kuingia katika mfumo wa mwenzake kwa kisingizio kwamba alianzwa. Njia halali ni kuhifadhi ushahidi na kutoa taarifa.

7. Wajibu wa kimaadili

Sheria huuliza nani alikusudia na nani alizembea. Maadili huuliza zaidi ya hapo. Wakulima wa milima ya Umatengo hulielewa swali hili kwa mikono yao. Shamba la ngoro, lenye mashimo yaliyopangwa juu ya mteremko, huyashika maji ya mvua na kuuzuia udongo usiporomoke. Mwenye shamba la juu akiacha ngoro zake ziharibike, si yeye peke yake anayepoteza udongo. Maji hushuka kwa kasi na kuchimba shamba la aliye chini. Hakuyatuma maji. Lakini alijua kwamba mvua hunyesha, na alijua ni nani anayelima chini yake.

Intaneti nayo ina mteremko wake, ingawa aliye chini hatumjui kwa sura wala kwa jina. Anayejua kwamba kifaa chake kimetekwa, na akaendelea kukitumia kwa sababu yeye binafsi hapati hasara, amefanya uamuzi juu ya mali ya mwenzake. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na hapa ukuta unaobomoka huenda ukawa wa jirani.

Hata hivyo, wajibu huu hupimwa kwa uwezo. Haifai kumlaumu bibi aliyepewa simu ya mtumba isiyopokea masasisho sawasawa na taasisi yenye fundi wa kompyuta. Maswali matatu yanatosha kumpima kila mtu: Je, ulijua? Kama hukujua, je, ungeweza kujua kwa uangalifu wa kawaida? Ulipojua, ulifanya nini kilichokuwa ndani ya uwezo wako?

8. Hatua za kuchukua

*Kabla ya tatizo:*

– Badilisha nywila ya kiwandani ya ruta na kamera siku ileile unapoifunga.
– Pakua programu kutoka maduka rasmi tu, na ukubali masasisho yanapotolewa.
– Piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, mwarifu mtoa huduma aiondoe.
– Usimsajilie mtu laini kwa jina lako, hata akiwa ndugu. Laini au simu ikipotea au kuibiwa, toa taarifa polisi na kwa mtoa huduma.
– Kwenye biashara, tunza rejista na ufute nakala za vitambulisho usizozihitaji tena.

*Ukigundua kwamba kifaa kimetekwa:*

– Kitenge na intaneti kwanza: chomoa waya, zima Wi-Fi au data. Hatua hii huzuia madhara bila kufuta kitu.
– Andika tarehe, saa na ulichokiona. Piga picha ya kioo.
– Kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, badilisha nywila za barua pepe na za huduma za fedha.
– Kama hakuna dalili kwamba mtu ameumizwa, fundi anaweza kukisafisha. Kama kuna dalili za uhalifu, au umekwisha kuulizwa na polisi, usikifute. Toa taarifa kwanza. Zingatia kwamba baadhi ya programu hasidi, ikiwemo Mirai, hukaa katika kumbukumbu ya muda tu: kuzima kifaa huziondoa pamoja na ushahidi, na nywila isipobadilishwa hurudi.
– Taarifa za ujumbe wa ulaghai zitume kwa namba 15040. Kwa uhalifu, nenda kituo cha polisi. Matukio ya usalama wa kompyuta hupokelewa pia na TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya TCRA.

*Polisi wakija kukichukua kifaa:* toa ushirikiano, omba kuona amri ya upekuzi, na udai stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inakupa haki hiyo. Waeleze unachokijua, wala usibuni usichokijua. Unayo haki ya kuwa na wakili.

9. Maswali ya kujipima

1. *Kijana anaomba kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako kwa wiki moja “kwa biashara”. Afanyaje?*
Asajili laini yake mwenyewe. Kila litakalotendwa kwa laini yako litaanza kuulizwa kwako.

2. *Ruta ya duka imetumika kufurikisha tovuti. Mwenye duka hakujua, lakini nywila ilikuwa ya kiwandani. Je, ana hatia ya jinai?*
Kwa kuwa hakukusudia, hana kosa chini ya Kifungu cha 9. Dhima ya madai itategemea kama mambo manne ya uzembe yatathibitika. Kimaadili, anapaswa kuibadilisha nywila leo.

3. *Baada ya kuambiwa, anaamua kusubiri hadi mwisho wa msimu wa kahawa ili asikose wateja. Je, jibu linabaki lilelile?*
Halibaki. Sasa anajua, na kila siku anayosubiri inahesabika kuwa ni uamuzi wake.